Sahani Chini ya Bustani

Aprili 2018 niling'oa mpapai kwa mkono mmoja. Ulikuwa umenipita kimo na umebeba matunda yake ya kwanza, madogo bado, ya kijani. Niliushika ili niuegemeze kwenye mti wa kuushikilia, ukaja wote. Mizizi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipoubana mmoja kwa vidole, ganda la nje likateleza na kuvuka, nikabaki na kamba nyembamba isiyo na uhai. Shimo lenyewe lilijaa maji hapo hapo, na harufu iliyotoka ilikuwa ya yai viza.

Nilikuwa nimepanda mipapai 14. Yote ilikufa wiki hiyo.

Kinachoumiza ni jinsi mpapai unavyokufa. Majani hulegea na kuning'inia kama ya mmea wenye kiu. Ungeutazama kwa mbali ungesema umekosa maji, kumbe umesimama ndani yake. Mizizi inahitaji hewa kama sisi. Udongo mzuri una vijitundu vingi, vingine vimeshika maji, vingine vimeshika hewa. Maji yakituama, yanaifukuza ile hewa yote, mizizi inakosa pumzi, na ikishakosa pumzi haiwezi tena kufyonza hata hayo maji yaliyoizunguka. Mwembe au mnazi unaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Mpapai hauvumilii, siku mbili, tatu, nne za maji yaliyosimama zinatosha kuumaliza.

Tulihamia hapa mwaka 2017, upande wa Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 kilichokaa katikati ya mteremko mdogo. Tulikiona mara ya kwanza mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea. Kilikuwa kikavu, kimejaa nyasi za manjano, kinapendeza. Kama kuna jambo moja ningemwomba kila anayetafuta kiwanja alizingatie, ni hilo: nenda ukakione Aprili. Vaa mabuti, nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa, simama katikati yake. Muuzaji atakuonyesha bikoni na hati, ila hakuna karatasi inayokuonyesha maji yanalala wapi. Na hata kiangazi zipo dalili ambazo mimi sikuzijua wakati ule. Kona ya nyuma ilikuwa imejaa ndago, mmea unaopenda unyevu, na ukuta wa jirani ulikuwa na mstari wa chumvi nyeupe kimo cha goti. Maji yalikuwa yameshaandika pale yanapofika. Sikujua kuyasoma.

Baada ya mipapai kufa nilifanya wanachofanya watu wengi mjini. Niliagiza kifusi. Malori manne yakamwaga mabaki ya kuta zilizobomolewa, udongo mwekundu, vipande vya vigae na nondo zilizokunjika. Tukasambaza, tukashindilia, kona ya nyuma ikapanda karibu nusu mita. Vuli ile bustani ilikuwa kavu, nikajiona nimemaliza kazi.

Mei 2019 mvua zikapiga Dar es Salaam kwa siku kadhaa mfululizo. Asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa jirani wa upande wa chini, mama wa makamo ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu tukipishana njiani.

"Karibu jirani," nikamwambia.

"Ahsante. Sijaja kugombana. Naomba tu uje uone jiko langu."

Nilikwenda. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, limeezekwa bati, sakafu ya saruji. Maji yalikuwa yamefika nusu ya mafiga. Gunia la mkaa lilikuwa limelowa mpaka juu na unga alikuwa ameuning'iniza kwenye mwamba wa paa ndani ya ndoo. Mwanawe mdogo alikuwa anatoa maji kwa kopo la rangi. Hakunilaumu. Alinionyesha tu kwa kidole mahali yanapoingilia, chini ya ukuta tunaopakana, sawasawa na kona niliyoijaza kifusi. Maji yaliyokuwa yakilala kwangu yalikuwa yamehamia kwake, kwa sababu mimi niliyanyima mahali na sikuyapa pengine pa kwenda.

Nimeyawaza sana yale matembezi ya hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu hadi jikoni kwake. Pita mitaa ya mji huu inayojengwa kwa kasi utaona nyumba za zamani zilizozama, mlango uko chini ya usawa wa barabara, mwenye nyumba amejenga kizingiti cha tofali tatu kuzuia maji. Aliyekuja baada yake alijaza kifusi, aliyefuata akajaza zaidi, na barabara nayo ikapandishwa. Kila mmoja anakauka kwa zamu yake, na yule asiye na uwezo wa kununua lori la kifusi ndiye anayepokea maji ya wote. Nilikuwa nimeingia kwenye mchezo huo bila kufikiri. Nilimwahidi yule mama kwamba kabla ya vuli maji yangu yatabaki kwangu.

Kazi ya kwanza haikuwa kuchimba. Ilikuwa kutazama. Mvua iliyofuata nilitoka nje na mwavuli na fungu la vijiti, nikawa nachomeka kijiti kila mahali maji yanapoanza kukusanyika, kisha nachomeka kingine yanapopita. Kwa nusu saa nikajifunza mambo ambayo sikuyajua kwa miaka miwili. Nilidhani maji yangu yanatoka mbinguni na kulala pale yanapoangukia. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa inatoka juu ya paa langu mwenyewe. Hatukuwa tumeweka gata. Bati lilikuwa linamwaga yote kwenye mstari mmoja nyuma ya nyumba, yanachimba kijito chake, yanashuka hadi kona ya bustani.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila mtu aifanye kwake. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu lina mita za mraba 140. Mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu kuipata kwa siku moja, inamwaga lita 7,000 kutoka kwenye paa peke yake. Hizo ni ndoo 350 za lita 20, zote zikimiminwa kwenye kona moja. Hakuna bustani itakayozimeza.

Jambo la pili lilikuwa ardhi yenyewe. Hapo ndipo mzee mmoja wa mtaani kwetu aliponisaidia. Ni mwenyeji wa Shinyanga, amestaafu, hupita kila asubuhi na fimbo yake. Alinikuta nimeinama juu ya shimo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unatafuta nini humo?"

Nikamweleza. Akaniomba nichimbe shimo jipya, pembeni, la kina cha mkono mzima, na ukingo wake niukate wima kwa sepetu ili tuone matabaka. Juu palikuwa na udongo wa kichanga, kahawia, kama sentimita 25. Chini yake rangi ikabadilika ghafla. Ulikuwa udongo wa kijivu, mzito, una madoa ya rangi ya kutu kama bati lililokaa mvuani. Sepetu iligonga na kurudi. Mzee akauchukua kidonge, akauviringisha kati ya viganja mpaka ukawa kama nyoka mwembamba, akaukunja ukawa pete bila kukatika.

"Mfinyanzi huu," akasema. "Kwetu ardhi ya namna hii, juu kichanga chini sahani, tunaiita itogolo. Hapo tunatengeneza majaruba ya mpunga, maana maji hayaendi popote. Sisi tunaipenda kwa hilo. Wewe umepanda mipapai kwenye jaruba."

Neno hilo, sahani, ndilo lililonifungua macho. Rangi ile ya kijivu na madoa ya kutu ni kumbukumbu ya maji. Madini ya chuma yaliyomo udongoni yakikosa hewa kwa muda mrefu hupoteza wekundu wake na udongo unakuwa wa kijivu. Pale hewa inapopenya kidogo, kwenye nyufa na njia za mizizi ya zamani, hushika kutu tena. Ukichimba ukaona hivyo, hata kama ni kiangazi na udongo umekauka kama tofali, jua kwamba masika maji husimama hapo.

Mzee akaniambia nijaze shimo maji nione. Hicho ni kipimo ambacho hakigharimu kitu. Chimba shimo la sentimita 30 upana na 45 kina, lijaze maji, yaache yanywee yote ili udongo uwe umeshiba. Kisha lijaze mara ya pili, chomeka kijiti, andika usawa wa maji kila baada ya saa moja. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, bustani yako iko salama. Langu lilishuka chini ya sentimita moja, na kesho yake asubuhi bado lilikuwa na maji na kidudu kimoja cheusi kikiogelea.

Halafu tukachukua mtaimbo. Tulipiga chini ya lile shimo, kijana mmoja wa mtaani akishika kwa zamu na mimi, tukiteremka ndani ya kijivu. Kwenye sentimita kama 55 mtaimbo ukazama ghafla, mlio ukabadilika, na maji yaliyokuwa yamelala shimoni usiku kucha yakaanza kuzunguka, yakashuka, yakaisha. Chini ya sahani kulikuwa na mchanga mwekundu.

Msomaji mwenye tatizo kama langu asikimbilie kutoboa kabla ya kujua jambo moja. Kuna maji yanayosimama kwa sababu kuna tabaka gumu linaloyazuia, na kuna maji yanayosimama kwa sababu maji ya chini ya ardhi yenyewe yamepanda. Ukitoboa sahani juu ya mchanga mkavu, umepona. Ukichimba shimo na kulikuta linajaa maji kutoka pembeni na chini, bila wewe kumwaga hata kopo moja, basi ardhi yote imeshiba na shimo lako halina pa kuyapeleka. Watu wa mabondeni, karibu na mito kama Mpiji na Msimbazi, wengi wako kwenye hali hiyo ya pili. Ndiyo maana kipimo hiki kinafanywa masika. Ukipima Agosti utapata jibu la Agosti. Mimi nilipima Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, na tulipochimba hadi karibu mita mbili hatukukutana na maji ya chini. Hapo ndipo nilipopata moyo.

Juni tulianza kazi. Tukaweka gata nyuma ya nyumba yote na tangi la lita 5,000 kwenye jukwaa la tofali. Hilo peke yake lilibadilisha bustani kuliko yote niliyofanya baadaye. Maji yale yale yaliyokuwa yanaua mipapai ndiyo tunayofulia na kumwagilia mwezi wa saba. Kama bajeti yako inatosha jambo moja tu, anza na gata.

Tangi likijaa, ziada yake na maji yanayotembea juu ya ardhi bado yalihitaji njia. Tukapanga mtaro wa kokoto wa mita 18, unaokatisha bustani juu ya ile kona yenye shida na kuishia kwenye shimo la kunyonyea maji. Mtaro kama huo hauna maana bila mteremko, na jicho la mtu ni shahidi wa uongo kwenye mteremko. Nilikuwa tayari kuapa kwamba ardhi inashuka kuelekea ukutani. Fundi akaleta mpira mwembamba unaopenya mwanga, wa mita kama 20, ambao mafundi hutumia kusawazisha misingi. Akaujaza maji, akanyonya upande mmoja mpaka mapovu yakaisha yote, maana povu moja likibaki ndani unapima uongo. Mwanangu akashika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, mimi nikashika nyingine kwenye kigingi cha mwisho. Maji yakapanda na kushuka ndani ya mpira, yakatetemeka, yakatulia. Tukaweka alama ya kalamu pande zote mbili. Pale nilipoapa panashuka, palikuwa pamepanda sentimita nne.

Kwa hiyo mteremko tuliutengeneza chini, kwenye sakafu ya mtaro. Sentimita moja kwa kila mita inatosha. Mtaro wetu ulianza na kina cha sentimita 45 na kuishia na 67, upana sentimita 30. Juu ya sakafu tukatandaza kokoto kidogo, tukalaza bomba la inchi nne tulilolitoboa matundu, matundu yakitazama chini. Watu wengi hushangaa hapo. Maji kwenye mtaro hujaa kuanzia chini, kwa hiyo matundu yakiwa chini maji huingia mapema na bomba huyabeba. Yakiwa juu utasubiri mtaro mzima ujae kwanza. Juu ya bomba tukajaza kokoto tena hadi karibu na uso wa ardhi.

Tulifanya kosa moja, na lilitugharimu. Hatukuweka kitambaa cha kuchujia kati ya udongo na kokoto. Fundi alisema si lazima, nami nilitaka kubana matumizi. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua nyingi kupita kawaida Afrika Mashariki yote, Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto, na mtaro ule ulifanya kazi vizuri mno. Mwaka uliofuata pia. Kufikia 2021 maji yalianza kusimama tena juu yake. Tulipofukua tukakuta nafasi kati ya kokoto zimejaa tope laini kama uji, na bomba limeziba nusu. Tulitoa kokoto zote, tukaziosha toroli kwa toroli, tukatandika kitambaa maalumu cha kuchujia kuta zote za mtaro, tukarudishia kokoto na kukikunja juu yake kabla ya kufunika. Siku nne za kazi kwa kitu ambacho kingechukua saa moja siku ya kwanza. Kiroba cha kawaida cha plastiki hakifai kwa kazi hiyo. Jua likikipata kinachanika, na kilichosukwa kwa kubana hakipitishi maji ya kutosha.

Shimo la kunyonyea maji lina mita moja na nusu kila upande na kina cha mita 1.8, limepita sahani na kuingia kwenye ule mchanga mwekundu. Tulilijaza mawe na vipande vya tofali kutoka kwenye kifusi kile kile nilichokimwaga mwanzo. Tulikifukua chote kwenye kona. Nafasi tupu kati ya mawe ni kama theluthi ya shimo, kwa hiyo linashika lita 1,300 na kitu kwa mara moja, huku likiendelea kunywesha chini. Ukilinganisha na lita 7,000 za paa utaona kwa nini tangi lilitangulia. Nimewaona watu wakielekeza paa zima kwenye shimo moja dogo kisha wanasema mashimo hayafanyi kazi. Shimo liwe mbali na msingi wa nyumba, mita tano au zaidi, na lisikaribiane kabisa na shimo la choo. Hili la choo nalisema kwa uzito. Masika mashimo ya vyoo hujaa na kufurika, na ukiunganisha mitaro yako na maji hayo unayapeleka kwenye mchicha utakaowalisha watoto. Mji huu unaijua kipindupindu vya kutosha.

Tulipomaliza chini, tukarudi juu, kwenye udongo wenyewe. Tabaka la juu lilikuwa limeshindiliwa na malori ya ujenzi na miguu ya mafundi. Mahali walipokuwa wanachanganyia zege palikuwa kama sakafu. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja nimwage mchanga nichanganye na ule mfinyanzi uliotoka mtaroni ili ulegee. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauulegezi, unaukamata na kuufanya mgumu zaidi. Yeyote aliyewahi kuona udongo wa kujengea anajua. Kinacholegeza mfinyanzi ni mboji. Samadi iliyoiva, majani yaliyooza, pumba za mpunga, mabua, msimu kwa msimu. Minyoo hufanya kazi iliyobaki.

Tukainua matuta ya kimo cha sentimita 30 na upana wa mita moja, kiasi kwamba naweza kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga. Sheria ya nyumbani kwetu ni hiyo: hakuna mtu wala mbwa anayekanyaga tuta. Na sheria ya pili ni kutogusa udongo ukiwa umelowa. Nachukua konzi moja, nabana. Ukibaki umeshikana na kung'aa, naacha jembe. Kulima udongo wa namna hiyo ni kuutengeneza matofali kwa mikono yako.

Wakulima wa nchi hii wamejua kuinua na kushusha ardhi kabla yetu sote. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro kwenye milima yao, vishimo vilivyopangwa mraba kwa mraba na kingo za nyasi zilizozikwa, ili maji ya mteremko yasimame kidogo kidogo bila kubomoa shamba. Wafipa wa Sumbawanga hufunika nyasi ndani ya vilima vya udongo, zikaoza humo na kuwa mbolea. Wasukuma hufunga majaruba. Hapa mjini tumekuja kutoka kote huko, tumejengeana kuta, na maarifa hayo tumeyaacha kwenye mabasi yaliyotuleta.

Shimo likijaa, mwisho wa njia ya maji yangu uko kwenye mtaro wa mtaa, pembeni ya barabara. Nao ulikuwa na hadithi yake. Kalavati lilikuwa limeziba kwa mchanga, chupa za plastiki na godoro moja zima. Unaweza kutengeneza bustani yako kwa vipimo vya milimita, kalavati la mtaa likiziba maji yatarudi mpaka sebuleni. Tuliitisha msaragambo kupitia mjumbe wetu, Jumamosi moja asubuhi. Walikuja watu 20 na kitu, wengine na makoleo, wengine na uji. Sasa tunafanya kila Februari na kila Septemba, kabla ya mvua. Mbu wamepungua kiasi ambacho hata wageni wanakitaja. Kiluwiluwi cha mbu huhitaji maji yatulie wiki moja hivi mpaka kuruka, na homa ya dengi iliyopiga Dar es Salaam mwaka 2019 ilikuwa imeingia nyumba tatu za mtaa wetu. Nilikuwa kitandani siku sita. Viungo vinauma mpaka unaogopa kugeuka.

Halafu ikaja El Niño. Vuli ya 2023 ilinyesha bila kuomba ruhusa, masika ya 2024 yakaunganisha, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikasogea pwani yetu. Nilikuwa nje na mwavuli usiku wa manane, tochi mkononi. Matuta yalikuwa kama visiwa, njia kati yake zimejaa maji. Asubuhi njia zilikuwa na tope. Jioni zilikuwa zinakanyagika. Mipapai mitano niliyokuwa nimeipanda tena, safari hii juu ya vilima vya kimo cha goti, ilikuwa imesimama na majani yake yameinuka. Nilishika shina la mmoja, nikalitikisa taratibu. Liligoma.

Kona ya nyuma bado hulowana. Nilijitahidi miaka miwili kuikausha kabisa kisha nikaacha. Nimeishusha kidogo zaidi, nimeipandia magimbi, miwa na matembele, vitu vinavyofurahia kulowa, na siku za mvua kubwa huyashika maji saa chache kabla hayajaingia shimoni. Yule mama jirani ndiye anayejua kuyapika magimbi kwa tui la nazi, kwa hiyo yakikomaa nayachimba nampelekea nusu ya kapu. Jiko lake halijaingia maji tangu Mei 2019. Juzi alituma mwanawe, yule aliyekuwa anatoa maji kwa kopo, sasa ni kijana mrefu, aje kuazima mpira wa kupimia. Wanataka kujua uani kwao panashukia wapi kabla vuli haijaanza.